Ukumbi wa Wenyewe
Na Rehema Mwinyikombo

Klabu binafsi, yaani chama cha watu wanaochaguana na kugharimia kwa pamoja jengo na shughuli zao, aghalabu hupimwa kwa ukubwa wa majina ya wanachama wake, ilhali kipimo cha haki ni yale ambayo jengo hilo huwawezesha kuyatenda. Historia ya Colony Club ya New York inalithibitisha hilo.

Klabu hiyo iliasisiwa mwaka 1903 na Florence Jaffray Harriman pamoja na wanawake wenzake wa tabaka la matajiri, ambao waume na kaka zao walikuwa na klabu tele za kulala, kula, kufanya mazoezi na kupatana juu ya biashara na siasa. Mwaka 1907 walifungua jengo lao katika barabara ya Madison, lililosanifiwa na Stanford White na kupambwa na Elsie de Wolfe, likiwa na vyumba vya kulala, bwawa la kuogelea na ukumbi wa mazoezi ya viungo.

Faida ya kumiliki jengo ilidhihirika Desemba 1909, maelfu ya washonaji wa blauzi viwandani, wengi wao wasichana wahamiaji, walipokuwa wamegoma wakidai ujira bora, kupunguziwa saa za kazi na kutambuliwa kwa chama chao. Anne Morgan, binti wa tajiri wa benki J. P. Morgan, na wenzake waliwaalika baadhi ya wagomaji klabuni, nao wakaeleza kwa vinywa vyao jinsi walivyokatwa mishahara na kukamatwa na polisi, kisha kofia ikapitishwa, zikapatikana takriban dola 1,300.

Mshikamano huo haukudumu, kwa kuwa wiki chache baadaye Morgan alijitenga hadharani na wasoshalisti waliouunga mkono mgomo, na klabu ikabaki kuwa ya wachache. Hata hivyo, funzo lake ni zito: anayeazima ukumbi hungoja ruhusa, bali mwenye ukumbi huitisha kikao apendapo na humsikiliza amtakaye. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa Colony Club wageni hao maskini ndio walioipa heshima ambayo bwawa na mapambo visingeweza kuipa. Kwa hiyo, wanawake wanaochangishana leo wajenge chao wenyewe, kisha wasiwafungie mlango wasio na uwezo wa kuchanga.