Gesi iko mu ziwa, diploma iko mu kabati



Tuko watatu tunaandika maneno haya. Mmoja alisoma kemia, wa pili uchumi wa kilimo, wa tatu elektroniki. Wote tuko na diploma. Leo mmoja anauza unite, mwingine anaendesha moto, na wa tatu angali anangoja jibu la barua zake za kuomba kazi. Mu kartiye wanatuuliza: "Masomo yenu ilifaa nini?" Ulizo hilo tunalipeleka kwa wale wanaoongoza inchi.

Tuanze na Ziwa Kivu. Chini ya maji yake kuko metani, kilometa za ujazo 60 hivi, na kaboni dioksidi karibu 300. Ngambo ya Rwanda, kituo cha KivuWatt kinaitumia metani hiyo kutoa umeme, megawati 26 hivi, tangu 2016. Kwetu, mu 2022 serikali ilitangaza mnada wa maeneo 30 ya petroli na gesi, na 3 kati yake ni ya gesi hapa Kivu. Kila mara tunasikia neno moja tu: umeme. Sawa, tunauhitaji. Lakini mtu wa kemia anaona kitu kingine tena mu ile gesi: mbolea.

Namna gani? Pitisha metani na mvuke wa maji juu ya kichocheo cha nikeli, mu joto la digrii 800 hivi: unapata hidrojeni. Unganisha hidrojeni na nitrojeni ya hewa juu ya kichocheo cha chuma: unapata amonia. Amonia na kaboni dioksidi zinatoa urea, ile mbolea nyeupe ya punje-punje. Si uchawi, na si jambo la jana. Fritz Haber alionyesha njia ya amonia mu 1909, na kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza kazi mu 1913. Lakini gesi ya Kivu iko pia na salfa, na salfa inaua kichocheo. Lazima mtu apime, asafishe, ajaribu tena. Hiyo njo inaitwa utafiti. Sisi kichocheo tulikisoma ubaoni tu; hatujakishika na mkono hata siku moja.

Mwenzetu wa uchumi anatukatiza hapo: "Mbolea ikiwa bei nafuu mu kiwanda, mkulima wa Masisi ataipata kwa bei gani?" Ana haki. Barabara mbovu inaongeza bei, kila bariere inaongeza bei. Na viazi vikitoka shambani, vinalipa bariere zilezile wakati wa kushuka mu mji. Mu 2006 kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kufikisha kilo 50 za virutubisho kwa hekta mpaka 2015. Kongo ingali mbali sana na hesabu ile. Basi ni nani anayehesabu, bariere kwa bariere, kile mama mkulima anapoteza? Hiyo pia ni utafiti, na haiombi mashine: inaomba kalamu, moto, na vijana wenye kulipwa.

Na vihisi? Hapa Goma hatuhitaji kuelezwa. Mbele ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, kwa miezi watafiti wa volkano walikosa pesa ya intaneti, na data za vihisi vya mbali hazikuwafikia. Hatusemi kama intaneti ingezuia lava. Tunasema kama mji mzima ulilala chini ya mlima bila kujua mlima unasema nini. Na ziwa nalo linaomba kuchungwa: gesi iliyotoka mu Ziwa Nyos, Kameruni, mu 1986, iliua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja.

Kinachotuuma zaidi ni hiki. Kobalti ya Kolwezi ni kichocheo cha kuondoa salfa mu mafuta ya magari ya dunia. Coltan ya Rubaya inatoa tantali ya vyombo vya elektroniki. Vitu vyetu vinaingia mu maabara za watu. Sisi wenyewe hatuingii.

Watatuambia: "Vita kwanza, utafiti nyuma." Tunajua vita, tumezikana. Lakini ziwa halingoji vita viishe, na njaa pia haingoji. Intaneti ya vihisi haiwezi kushinda bei ya magari ya wakubwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

Moja, mikataba yote ya gesi ya Kivu itangazwe, na ndani yake kuandikwe sehemu ya maabara na ya vijana wa hapa.

Mbili, pesa ya kuchunga volkano na ziwa iwe mu bajeti ya inchi, si mu mfuko wa wafadhili peke yake.

Tatu, serikali ionyeshe hadharani pesa iliyotoka kweli kwa utafiti kila mwaka, si ile iliyoandikwa tu.

Kichocheo peke yake, bila gesi na bila joto, hakitengenezi kitu. Vijana pia ni vile. Wewe unayesoma, mwulize mbunge wako hizo karatasi za mkataba ziko wapi. Akikosa jibu, mwulize tena kesho.