Mpinzani Si Adui

Imezuka hoja miongoni mwa wazazi, na hata miongoni mwa walimu wenzangu, kwamba kushindanisha watoto ni ukatili na kwamba shule njema ni ile isiyo na wa kwanza wala wa mwisho. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora wa kidato cha nne, wenye hoja hiyo walishangilia. Mimi sikununa. Orodha zile zilikuwa zimegeuka tangazo la biashara, na kumlinganisha mtoto wa shule yenye maabara na yule wa shule isiyo na mwalimu wa fizikia ni dhihaka, si mashindano. Lakini anayedhani kwamba kwa kufuta orodha tumetibu ugonjwa, amekosea. Ugonjwa wetu si kushindana. Ugonjwa wetu ni kumfanya mpinzani kuwa adui, na aliyeshindwa kuwa si mtu.

Nitatoa mfano wa mbali, katika mchezo wa tenisi, ambao wengi wetu hatukuucheza.

Chris Evert wa Marekani na Martina Navratilova, mzaliwa wa Chekoslovakia, walikutana uwanjani mara ya kwanza mwaka 1973. Hadi kufikia mwaka 1988 walikuwa wamecheza mara 80, na mara 60 kati ya hizo zilikuwa fainali. Mwanzoni Evert alishinda karibu kila mara. Mwaka 1981, huko Amelia Island, Florida, alimshinda mwenzake 6-0, 6-0. Maana yake Navratilova alitoka katika fainali nzima bila kupata hata gemu moja.

Je, aliomba mashindano yafutwe ili roho yake isiumie? La. Alikwenda kuujenga mwili wake kwa mazoezi makali ambayo wanawake wengi wa tenisi wa wakati ule hawakuyajua, akabadili hata chakula chake. Kisha akaja kumshinda Evert mara 13 mfululizo. Hapo ikawa zamu ya Evert kujiuliza. Naye hakususa. Alifanya mazoezi ya viungo, akaubadili mchezo wake, na mwaka 1985 jijini Paris, akiwa na miaka 30, alimshinda Navratilova kwa seti tatu katika fainali ya Mashindano ya Wazi ya Ufaransa. Hesabu ya mwisho ilikuwa 43 kwa 37, Navratilova akiwa mbele. Lakini kila mmoja alistaafu na mataji makubwa 18 ya mchezaji mmoja mmoja. Sawasawa kabisa!

Sasa niambie, msomaji: nani alimfundisha nani? Kocha alifanya kazi yake, lakini mwalimu mkuu wa kila mmoja alikuwa yule aliyesimama upande wa pili wa wavu. Wahenga walikwisha kusema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Hawakusema kwamba asishindane.

Nalisema hili kwa uchungu, maana mimi mwenyewe nilikuwa na mpinzani. Nikiwa shule ya sekondari, kijana mmoja alinipita katika hesabu kila muhula. Siku moja, kabla ya mtihani, niliificha nakala pekee ya kitabu cha jiometri iliyokuwa maktaba, ili asiione. Nikawa wa kwanza. Mwaka uliofuata alihamia shule nyingine, nami nikabaki kinara bila jasho. Alama zangu zilishuka, na sikujua kwa nini. Leo najua. Hapakuwa na mtu wa kunikimbiza.

Baadaye, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Nilimkuta mwanachuo wangu amemsimamisha mbele ya darasa mtoto aliyeshika mkia, wenzake wakimzomea. Nilipomwita pembeni, alinijibu kwamba alikuwa anajenga moyo wa ushindani. Kumbe sisi wakufunzi ndio tuliomfundisha hivyo, kwa kuwasifu washindi na kunyamaza juu ya wengine. Lawama ile naibeba hata leo. Lakini dawa yake si kumwambia mtoto kwamba wote ni sawa. Mtoto si mjinga. Anajua nani anakimbia zaidi. Dawa ni kumfundisha kumwendea aliyemshinda na kumwuliza, "Umefanyaje?" na kumfundisha mshindi kujibu bila kuficha kitabu.

Atasema mtu kwamba mabingwa ni mabingwa, na mwanao si bingwa. Basi tuwatazame mabingwa hao walipokuwa hawana tena nguvu. Januari 2022 Evert alitangaza kwamba ana saratani ya ovari, ugonjwa uliokwisha kumchukua mdogo wake. Mwaka mmoja baadaye Navratilova alitangaza saratani ya koo na ya titi. Katika mateso hayo walitafutana na kutiana moyo. Aliyeujua udhaifu wako wote kwa miaka 15 ndiye anayejua pia namna ya kukuinua.

Mimi nilifanyiwa upasuaji wa goti nikiwa na miaka 72. Aliyekuja kunitazama wa kwanza, akijikongoja kwa mkongojo, alikuwa yule wa jiometri. Nilimwungamia habari ya kitabu. Alicheka, akasema alijua siku ileile. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimetoka getini mpaka hapa kwa miguu yangu. Wewe bado umelala?"

Kesho yake nilifika mlangoni. Wiki iliyofuata nilifika getini.

Wazazi, msiwanyang'anye watoto wenu watu wa namna hiyo.