Ng'ombe wa Kaskazini Wanangoja Treni

Na Kalenga Mwamba

Huku Annexe, Lubumbashi, bukari huliwa na samaki tomson au sombe. Nyama ya ng'ombe ni ya sikukuu na matanga, na nyingi huingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa ikiwa imegandishwa. Watu wamezoea kusema Katanga ni nchi ya shaba, si ya ng'ombe. Maneno hayo yananiuma, maana historia yetu inayakataa.

Reli ya kutoka Rhodesia ilipofika Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910, wachimbaji walilishwa ng'ombe walioswagwa kutoka Barotseland, hadi homa ya mapafu ilipozuka huko mwaka 1915. Baadaye kampuni ya Elakat ikafuga kwenye nyanda za Biano, na kampuni ya Pastorale du Haut-Lomami ikafuga kaskazini, upande wa Kamina. Reli ya Ilebo, iliyokamilika mwaka 1928, inapita hapo hapo Kamina. Majani yapo mpaka leo.

Sasa tupige hesabu ya mfugaji. Ng'ombe wa malisho ya porini huchukua miaka minne hivi kufikia uzito wa kuchinjwa. Muda wote huo mwenyewe analipa mchungaji, chumvi, dawa ya kupe na ya mbung'o, wala hajashika franka. Siku ya kuuza inapofika, safari ndiyo inayomla. Lori linakwama kwenye matope, kila bariera inadai chake, ng'ombe anakonda njiani. Na nyama yenyewe ni karibu nusu tu ya uzito wa ng'ombe aliye hai. Mchuuzi anajua yote hayo, kwa hiyo anayakata mapema katika bei anayompa mfugaji, kisha anayaongeza tena kwa mama anayenunua sokoni. Barabara mbovu inalipwa mara mbili.

Ili kuikwepa barabara hiyo kwa reli, wako wanaotaka machinjio na vyumba vya baridi vijengwe Kamina kwanza. Mimi naona tuanze na mabehewa ya ng'ombe, yenye siku ya kuondoka inayojulikana na maji vituoni. Ubaridi unataka umeme usiokatika. Ng'ombe hai anataka majani na maji.

Pesa zipo. Sheria ya migodi ya 2018 inaipa mikoa asilimia 25 ya mrabaha. Haut-Katanga, Lualaba na Haut-Lomami zilikuwa ndani ya mkoa mmoja hadi 2015, na reli ile ile inazipitia zote tatu. Magavana wao wakae meza moja na shirika la reli, SNCC, kabla ya mvua kuanza, watenge fungu la mabehewa hayo katika bajeti ijayo.