Taka zenye sumu: wanafunzi wajifunze kuchunguza mtaa wao

Mapema mwezi wa Novemba 2025, maji machafu ya kampuni moja ya madini yalimwagika katika mitaa ya Lubumbashi. Waziri wa madini alisimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Wakaaji walibaki na maswali ya kila siku: je, maji ya kisima yanafaa kunywa? Mboga za bustani je? Mtoto aliyekanyaga maji yale apelekwe wapi?

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2021, uchafu wa mgodi wa almasi nchini Angola ulishuka katika mito ya Tshikapa na Kasai. Samaki walikufa kwa wingi, na waziri wa mazingira wa wakati ule, Ève Bazaiba, alitangaza vifo 12 na maelfu ya wagonjwa. Mwezi wa Februari 2025, kwa jirani zetu wa Zambia, bwawa la mabaki ya shaba lilipasuka karibu na Chambishi, na tindikali ikafika mto Kafue.

Lakini sumu nyingi haiji kwa kishindo. Huja kidogo kidogo, kwa vumbi na kwa maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wa Katanga na kutoa matokeo mwaka 2009. Kwa watoto wa chini ya miaka 14 wanaoishi karibu kabisa na migodi na viwanda, 87% walikuwa na kobalti kupita kiwango ambacho wataalamu huweka kama onyo kwa wafanyakazi wa viwandani. Watoto hao hawajaajiriwa popote. Wanacheza tu nyumbani kwao.

Je, shule zetu zinawaambia nini? Mara nyingi mwanafunzi anakariri maana ya neno « uchafuzi », anaandika mtihani, kisha anarudi nyumbani kwa njia inayopita kando ya lundo la mabaki ya kiwanda. Somo na njia havikutani.

Njia moja ya kuvikutanisha ni utafiti wa kikundi. Mwalimu anagawa darasa katika vikundi vya wanafunzi watano au sita, na kila kikundi kinapewa swali moja. Taka za kituo cha afya, sindano na damu, zinaishia wapi? Nani anayeyeyusha betri za magari mtaani, na moshi wake unaelekea nyumba zipi? Pili za redio zilizokwisha zinatupwa wapi? Familia ngapi zinachota maji chini ya kiwanda?

Mmoja anachora ramani, wawili wanawauliza wazee na wamama, mwingine anamwona muuguzi mkuu, mwingine anaandika. Siku ya kuleta matokeo, mwalimu amwite yeyote kati yao aeleze kazi nzima. Hivyo hakuna atakayejificha nyuma ya mwenzake mwenye akili.

Ziko sharti tatu. Ya kwanza ni usalama: mwanafunzi anatazama, anahesabu na kuuliza, hagusi taka wala hachoti maji yanayoshukiwa. Kupima ni kazi ya maabara. Ya pili ni ukweli: kukohoa kwa watoto wa barabara moja ni dalili ya kuchunguzwa, bado si ushahidi juu ya kiwanda. Kijana anayejua tofauti hiyo hatadanganywa na kampuni, wala na mwanasiasa anayetafuta kura. Ya tatu ni heshima: majina ya wagonjwa hayaandikwi.

Kuna ugumu ambao tusiufiche. Katika darasa moja hukaa mtoto ambaye baba yake analipwa na kiwanda na mtoto ambaye mama yake amepoteza shamba kwa sababu ya kiwanda kilekile. Mwalimu naye anaogopa kuitwa mchochezi. Kwa hiyo mkuu wa shule na kamati ya wazazi wajulishwe kabla ya kuanza, na ripoti ipelekwe kwa chifu wa mtaa na kituo cha afya kwa adabu, ikiwa na maswali yaliyo wazi. Sheria iko upande wa wanafunzi. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Tangu 2018, sheria ya madini inadai kampuni zitoe angalau 0.3% ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Mtaa wenye ramani na hesabu zake utajua la kuomba.

Kanisa letu lina shule nyingi, na lina vituo vya afya pia. Basi vikundi vya kwanza vianzie kwetu: tunachoma wapi taka za hospitali zetu, na nani anapumua moshi wake? Yesu alisema juu ya kibanzi na boriti. Tukikubali watoto wachunguze kwanza uwanja wetu, tutakuwa na uso wa kubisha mlango wa kiwanda.