Uaskari Haumo Kidevuni

Kuna hoja iliyochapishwa isemayo hivi: mwanamke asiigize askari wa kiume jukwaani, kwa kuwa hana uzoefu wa vita, sauti wala mwili unaofaa.

Tuanze na uzoefu. Waigizaji wanaume wangapi wamewahi kupigana vita? Kama uzoefu ndio cheti, basi Macbeth aigizwe na wauaji.

Sauti? Hufunzwa. Pumzi ikitoka tumboni, neno hufika kiti cha mwisho bila kupayuka.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya mwili, eti uaskari ni maumbile. Hakuna mwanamume aliyezaliwa akijua kwata. Kuruti hufundishwa kusimama, kugeuka, kupiga saluti na kubeba silaha. Mwigizaji wa kike hujifunza hayohayo, kisha huongeza lililo gumu zaidi: jinsi mkono unavyotulizwa moyo unapoogopa. Mwaka 1900, akiwa na miaka 55, mwigizaji Sarah Bernhardt alivaa sare akamwigiza mwana wa Napoleon katika tamthilia ya L'Aiglon, na Paris ikamshangilia. Mwaka 2012, Phyllida Lloyd aliongoza Julius Caesar ya wanawake pekee jijini London; Harriet Walter akawa Brutus. Ndevu hazikuhitajika.

Na anayelilia mila asome historia. Enzi za Shakespeare, Juliet na Cleopatra waliigizwa na wavulana. Wanawake walianza kupanda majukwaa ya kulipia ya London mwaka 1660. Mvulana akiwa malkia ni sanaa, mwanamke akiwa jemadari ni udanganyifu? Huo si uhakiki. Ni upendeleo, na hauna nafasi katika ukumbi wa mazoezi.