Tuwataje Wote



Kila takwimu za UKIMWI zinapotangazwa, wengi wetu hutafuta jina la kaunti yetu, tukailinganisha na za wenzetu, kisha tukashusha pumzi. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na virusi. Homa Bay ilikuwa karibu mtu 1 katika kila 5. Nasi hujiambia kuwa maradhi haya ni ya wengine.

Hesabu hizo hazikuwekwa kupima uchamungu wa watu. Ni dira ya kuwaonyesha wapangaji pa kupeleka dawa, wauguzi na fedha. Tafiti 3, mmoja wao wa Kisumu, zilipothibitisha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa, serikali ilianzisha mpango wa tohara mwaka 2008 na kuuelekeza zaidi Nyanza, ambako wengi hawakuwa wametahiriwa. Kuuleta Lamu kungekuwa kumwaga maji baharini.

Pwani ina haja yake. Tafiti maalumu nchini zilikuta kwamba miongoni mwa wanaojidunga mihadarati, takriban asilimia 18 wameambukizwa. Wastani wa taifa ulikuwa umewafunika. Kutokana na hesabu hiyo zilianzishwa huduma za sindano safi, na mwisho wa 2014 tiba ya methadoni, iliyofika Malindi mwaka 2015. Twakumbuka jinsi suala la sindano lilivyotugawa. Unga ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini anayeutumia angali mtoto wa mtu, na mara nyingi ni mume wa mtu.

Kwa nini walihitajiwa watafiti maalumu? Kwa sababu utafiti wa kawaida hupita nyumba kwa nyumba, ukauliza nani huishi hapa na nani alilala hapa jana. Kijana aliyefukuzwa, anayelala maskani, hatajwi. Mama huwataja mabinti na wajukuu, akamnyamazia huyo mmoja. Asiyehesabiwa hapangiwi dawa.

Utafiti wa 2018 una funzo jingine. Katika watu wazima wenye virusi, takriban 4 katika kila 5 ndio waliojua hali zao. Na katika hao waliojua, asilimia 96 walikuwa wakitumia dawa. Basi pengo kubwa halikuwa kwenye dawa, bali kwenye kujua.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Twendeni tukapimwe, wake kwa waume. Na siku mtafiti atakapobisha hodi akauliza watoto wetu ni wangapi, tuwataje wote.