Gego la Mwisho: Ling'olewe au Liachwe?

Kijana wa miaka 17 hadi 25 akilalamikia ufizi wa nyuma kabisa, mara nyingi ni gego la mwisho linaota. Kwa kawaida huwa manne, ingawa wapo wasioyapata yote. Taya likikosa nafasi, gego hulala upande au hubaki nusu limefunikwa na ufizi. Chakula hunasa hapo, vijidudu huzaliana, ufizi huvimba.

Wapo wanaotaka magego haya yang'olewe yote mapema, yasije yakasumbua. Sisi hatuafiki. Hata Uingereza, tangu mwaka 2000 mwongozo wa afya ulieleza kwamba gego lililokwama lakini halina ugonjwa lising'olewe.

Linalotusikitisha zaidi ni kuchelewa. Wazazi hununua vidonge vitatu vinne vya rangi mbili dukani, maumivu yanatulia, kisha yanarudi. Wengine tunawapokea usiku wa manane, shingo imevimba, kinywa hakifunguki, mate hayamezeki. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa, mtu akafa kwa ajili ya jino.

Gego lililooza, linalovimbisha ufizi mara kwa mara au linaloharibu jirani yake, ling'olewe. Wakati wa kungoja zamu, maji ya uvuguvugu yenye chumvi husaidia kusukutua. Likishang'olewa, siku hiyo asisukutue wala asivute sigara (na ugoro pia, akina bibi!), maana damu iliyoganda shimoni ndiyo kifuniko cha kidonda.

Akishindwa kumeza au kupumua, msingoje kupambazuke.